Mahali pa Mchoro wa Mama

Tajiri yule aliyehamia Kampala kutoka Asmara hatazami mchoro upande wa mbele kwanza. Huugeuza, hupapasa turubai kwa kidole gumba kama mtu anayechagua kitambaa soko la Owino, ndipo huugeuza tena na kuutazama. Siku mchoraji Lamwaka alipomletea mchoro aliomchora mama yake mwenyewe, alisita kuukabidhi, kwani nyumba ya mzee huyo ilijaa michoro mizuri ambayo wageni wake tu ndio walioiona.

"Nauchukua," mzee alisema kwa sauti yake ya chini.

"Mzee, ukiufungia humu mama hatauona. Askari wako wa getini atamfukuza."

Mzee alikuna kidevu, kama afanyavyo kila akikosolewa. "Mama hutibiwa wapi?"

"Presha yake? Kwenye zahanati uliyotujengea mtaani Ntinda."

Wakaenda huko. Juu ya benchi la wagonjwa ilining'inia picha ya mzee mwenyewe, suti na tai. Mzee akapanda kiti, akaishusha.

"Eh, mzee, si wewe huyo?" nesi alishtuka.

"Mimi wamenitazama vya kutosha, dada."

Akautundika mchoro kwenye msumari uleule, akaibana picha yake kwapani kama gazeti la jana, kisha akaketi mwisho wa foleni kuutazama.