Nilivyomponya Atieno kwa Rangi

Aibu hii nimeificha vya kutosha, na kwa kuwa nusu ya mtaa wa Nyalenda waliiona kwa macho yao, wacha niisimulie mwenyewe kabla haijatiwa chumvi zaidi.

Mimi ni mchoraji wa mabango pale Mamboleo: vinyozi, hoteli, na hasa krusedi, mikutano ya injili ya uponyaji (kila mhubiri anataka mtu aliyeponywa akirusha magongo juu, mpaka picha hiyo naweza kuichora nikisinzia). Sasa mwalimu mmoja wa Nyalenda akaandika hadithi ya picha kwa ajili ya Atieno, mwanafunzi wake wa darasa la tatu anayetembea kwa magongo, ambaye hakuwa amewahi kuona mtoto kama yeye kitabuni, na akaniomba nichore. Nikachora vizuri tu, Atieno akivuka matope, Atieno akinunua dagaa wa omena ufuoni, Atieno akiwashinda wenzake kwa vitendawili, hadi ukurasa wa kumi na mbili, ule wa mwisho, ambapo mwalimu alikuwa ameandika tu kwamba alirudi nyumbani akicheka. Nikaona umepoa. Mkono ukaenda ulikozoea: nikamchora anakimbia, mikono juu, magongo yanapaa. Mwalimu alitaka kuona picha kabla kitabu hakijachapishwa, nikamwambia aniamini, mimi ni fundi (kiburi cha bure).

Siku ya kuzindua, wazazi walijaa darasani, Atieno mbele na gauni jipya, mimi na tai ya kuazima. Mwalimu akasoma akionyesha picha, watoto wakimgeukia Atieno kila ukurasa, naye anatabasamu mpaka nikajiona mtu wa maana. Alipofungua ule wa mwisho, mwalimu akanitupia jicho. Mama mmoja nyuma akasema amina, watu wakapiga makofi, na watoto, ambao krusedi wanazijua kuliko hesabu, wakaanza kumwambia Atieno afanye kama kwa picha. Nami, mjinga, nikapiga makofi pamoja nao nikidhani nasifiwa. Atieno akanitazama, akaweka magongo chini, akajaribu. Alianguka kifudifudi mbele ya watu wote.

Mamake alimwinua bila kuniangalia. Nikasogea na pole zangu, tai imenikaba, nikasema nilitaka tu kitabu kiishe vizuri. Atieno alikuwa anapangusa vumbi kwenye gauni.

"Fundi, huyu si mimi," akasema. "Mimi niko mpaka ukurasa wa kumi na moja."

Wiki nzima nilichora ukurasa mwingine, anarudi nyumbani na magongo yake akicheka, nikaubandika kwenye kila nakala. Nakala ya Atieno nilikwenda kuibandika mwenyewe kwao. Nikakuta ukurasa wa mwisho alishauchana. Nikampa mpya, akautazama kwa adabu, akanirudishia, akasema chake kinamtosha hivyo.

Siku hizi simchori mtu kabla sijakaa naye nikamuuliza anataka aonekane vipi. Lakini watoto wengine wote wana kitabu kizima, na yule aliyeandikiwa ndiye pekee ambaye chake hakina mwisho, kwa sababu yangu.