Kifusi cha Kambi na Kisima cha Bondeni

Mradi wa karanga ulipokufa pale Nachingwea, tuliambiwa kambi ya vibarua ibomolewe yote. Mimi nilikuwa msaidizi wa mpimaji, kijana wa Malolo niliyejua kusoma ramani. Msimamizi wetu, Mzungu mfupi asiyetoa kiko mdomoni, alinipa kazi ya kupanga: nyumba ipi ianze, mabati yawekwe wapi, kifusi kimwagwe wapi.

Siku tatu nilizunguka kambini na daftari. Vyoo vya shimo vilikuwa vimefurika, funza wanapanda ukutani, na nyuma ya stoo magunia ya karanga zilizooza yalikuwa yamegeuka uji mweusi. Nilitapika mara mbili.

Nilipomuuliza msimamizi uchafu ule tuuzike wapi, akaweka kidole kwenye ramani.

"Trekta isukume kila kitu bondeni."

"Bwana, bondeni pana kisima. Watu wanachota."

"Wewe kazi yako kuchora. Chora."

Nikachora. Naandika haya na bado najichukia. Kesho yake nikateremka bondeni kupigilia vigingi vya mpaka wa kifusi. Bibi mmoja wa Kimwera alikuwa anachota kisimani. Aliponiona nimeloa jasho akanijazia kata ya maji, akasema kwa lugha yetu, "Kunywa, mjukuu wangu."

Maji yalikuwa maangavu, ya baridi. Nikamweleza yote, hata kwamba mkono uliochora ni wangu.

Hakunitukana. Alijitwika mtungi wake akapanda nami hadi ofisini, akautua mtungi ule mezani, juu ya ramani, akachota kata na kumpa msimamizi.

"Mwambie anywe," akaniambia. "Wiki ijayo hatapata mengine kama haya."

Nikatafsiri. Msimamizi aliitazama kata, akaona mdudu mdogo wa maji akielea, akaisukuma kando kwa ncha ya kalamu, kana kwamba ni kinyesi. Bibi akainywa yote mbele yake, akajifuta mdomo, akakaa sakafuni. Hakuondoka.

Ilipofika adhuhuri msimamizi akanirushia kifutio. "Kifusi kipeleke kwenye machimbo ya changarawe. Na huyu mtoe humu."

Nilifuta, nikachora upya. Jioni ile nilimsikia akijisifu kwa mgeni wake kwamba yeye ndiye aliyekiokoa kisima cha wenyeji. Mgeni akampongeza. Nikatoka nje nikatema mate.