Kinu Kilichonunuliwa Kivunjwe

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo hata leo inanichemsha damu. Nilikuwa bado binti hapa Lalago.

Zamani hizo wanunuzi wadogo wa pamba walikuwepo wengi, na mzee Masanja, jirani yetu, alikuwa na kinu chake cha kuchambulia. Kilipiga kelele kama ng'ombe mgonjwa, lakini kilitusitiri. Ikaja kampuni kubwa. Msimu wa kwanza ilitoa bei ambayo hatujawahi kuisikia, tukacheza ngoma! Wanunuzi wadogo wakafunga, Masanja akakosa pamba, akaiuzia kampuni kinu chake. Unadhani walikitumia? Walileta vijana wenye nyundo, wakakivunja mbele ya macho yake.

Msimu uliofuata bei ikaanguka. Senge Kabula, ndivyo sisi Wasukuma tunavyomwita shangazi, akafika na mkokoteni wake wa ng'ombe umejaa pamba, karani wa kampuni akamtajia bei hiyo.

"Hutaki, mama, peleka kwingine."

"Kwingine wapi? Si mmekivunja kinu cha Masanja?"

Akapanda kwenye mzani, akakaa. "Basi nipimeni na mimi. Mmeshaninunua."

Karani akacheka. Hilo ningelisamehe. Lakini foleni nzima, majirani zetu, wakapiga kelele: "Shuka, jua linatuchoma!"

Senge akawageukia. "Mwenzenu aliponyolewa hamkutia maji zenu. Mlimshangilia kinyozi!"

Akashuka, akageuza ng'ombe wake, akarudi nyumbani. Hakupata mnunuzi. Mvua ikaiozesha pamba yote, naye akalala njaa na kiburi chake. Sisi wengine tuliuza, na njaa ikatukuta vilevile.

Juzi mjukuu wangu anayesoma chuo alinieleza jinsi matajiri wa mafuta kule Amerika walivyojikuza: walishusha bei hadi wadogo wakafilisika, wakawanunua, kisha wakapanga bei peke yao. Nikamwambia, mjukuu, huo ujanja nimeuona kwa macho.

Na leo mnaniambia kampuni moja itanunua dengu zote za Simiyu, mnapiga makofi! Hamna masikio?

Nisikilize, mwanangu. Kwa mkubwa uza, sikukatazi, lakini na mdogo mpelekee gunia lake ili asife. Unganeni mnunue mashine yenu, hata kama ni mbovu. Mwenzako akionewa, usimwambie ashuke. Panda ukae naye. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Mungu akupe mvua kwa wakati wake, na mazao yako yasikose kamwe mlango wa pili wa kubishia hodi.