Muuza vitumbua wa Kahama aliyejifunza Kiholanzi ili azungumze na mjukuu

Majogoo wa jirani bado wanawika, lakini Philomena Magesa ameshakoleza mkaa uani kwake, mjini Kahama. Anamimina unga wa mchele uliochachuka kwenye chuma cha vitumbua, huku midomo ikicheza kama ya mtu anayesali.

“Zon-ne-bloem-o-lie,” anatamka taratibu, akiongeza mafuta.

Nyamizi, jirani anayemsaidia kufungasha, hashtuki tena. Hicho ni Kiholanzi, na neno hilo ni mafuta ya alizeti.

Philomena, 58, wengi humwita Mama Loveness. Aliishia darasa la saba, na kwa vitumbua hivi, ambavyo siku njema humwachia faida ya shilingi elfu kumi hivi, alimsomesha binti yake wa pekee. Loveness akaolewa Uholanzi, akamzaa Mariana, ambaye sasa ana miaka sita. Mtoto huyo hakujua Kiswahili wala Kisukuma.

Kila Jumapili bibi na mjukuu walipungiana mikono kwenye simu, Loveness akitafsiri katikati.

“Ni damu yangu, lakini nilimsalimia kwa mkalimani kama tuko mahakamani,” anasema Philomena.

Basi akamwomba binti yake awe anamtumia maneno kwa sauti. Mafupi hayakumsumbua. Yaliyomshinda ni marefu, kwa kuwa aliyakata Kiswahili-Kiswahili, kila silabi iishie na irabu. Hereni, yaani *oorbel*, aliitamka “oo-rbe-li”.

Loveness akamfundisha kutafuta kwanza kiungio. Neno refu la Kiholanzi mara nyingi ni maneno mawili yaliyoungwa. Likate pale yalipokutana, vipande vingine utavipata baadaye. *Oor* ni sikio, *bel* ni kengele: oor-bel. *Zon* ni jua, *bloem* ni ua; katikati huingia sauti ndogo ya kuyashikanisha, nawe umepata zon-ne-bloem, alizeti.

Mpangilio nao ulimponza. Sisi husema maumivu ya tumbo, maumivu yakitangulia. Wao hutanguliza tumbo, *buik*, ndipo yaje maumivu, *pijn*. Siku moja Philomena alisema *pijnbuik*, na Mariana akacheka mpaka simu ikamponyoka. Bibi aliumia moyoni, akakaa muda mrefu bila kujaribu tena.

Desemba iliyopita wageni wakaja. Siku moja Loveness alikwenda Shinyanga mjini kushughulikia kitambulisho chake, akamwacha mtoto kwa bibi. Mchana Mariana akaanza kulia. Chakula akakataa, kubebwa akakataa. Simu ya Loveness haikupatikana. Nyamizi alihisi ni tumbo, akataka kuchemsha tangawizi.

Philomena akachutama mbele ya mjukuu wake. “*Buikpijn*?” Mtoto akatikisa kichwa. “*Hoofdpijn*?” Si kichwa pia.

Maneno ya maumivu aliyofundishwa yakawa yameishia hapo. Akamtazama mtoto, akaona hereni zake ndogo, akaunga la kwake mwenyewe.

“*Oorpijn*?”

Mariana akanyamaza. “*Ja, oma*,” akajibu, yaani ndiyo, bibi, akashika sikio la kushoto.

Kwenye zahanati, mganga alimulika sikio akakuta mdudu mdogo aliye hai. Alimtoa kwa maji ya uvuguvugu, na kabla ya jioni mtoto alikuwa anakula vitumbua. Bibi alipompa kingine, alijibu “wabeja”, asante ya Kisukuma aliyoiokota kwa wateja.

“Neno lile sikufundishwa na mtu,” anasema Philomena, akiipua chuma. “Niliogopa atanicheka. Hakucheka.”

Tangu hapo Jumapili zimebadilika. Mariana humwuliza bibi majina ya vitu, na bibi akikosea kukata neno, mtoto humkatia upya, safari hii kwa upole.

Loveness ameahidi kurudi mwakani. Philomena anajiandaa kumsimulia mjukuu hadithi nzima ya sungura na fisi kwa Kiholanzi, mwanzo mpaka mwisho.

“Nataka siku hiyo Loveness akae pembeni, anywe chai yake,” anasema. “Asitafsiri hata neno moja.”