Alichagua Septemba

Tarehe 2 Februari 2009 aliajiriwa kama mpanga safari katika kampuni inayokodisha boti za matanga kwa watu wa likizo, na yuko pale hadi leo. Tangu siku hiyo amewapangia watu wengi mno safari za kuzunguka visiwa. Mwenyewe hajawahi kulala juu ya maji hata usiku mmoja.

Ofisi yao iko ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo wageni huelezwa habari za fukwe tulivu huku chini mabati yakikatwa. Ana meza iliyo karibu na dirisha, simu mbili, birika la umeme, na ramani kubwa ya visiwa chini ya kioo. Visiwa hivyo anavijua kama mtu anavyowajua watoto wa jirani, kwa kelele na kesi. Nahodha mmoja akirudi analalamika kuwa ghuba fulani ina mbu, mwingine analalamika kuwa kisiwa fulani nanga haishiki, na yeye anaweka kichwani. Wateja wana maswali yao. Huyu anauliza kama kuna papa, yule anauliza kama kuna mtandao, na wa pili ndiye huondoka na wasiwasi zaidi.

Anapanga kwa kuanzia mwisho. Kwanza siku ya kurudi, kisha ghuba ya kulala kabla ya hapo, na hivyo hivyo kinyumenyume hadi siku ya kuondoka. Hapangi boti iingie kwenye miamba jioni. Jua sharti liwe juu au mgongoni, na mtu asimame mbele kabisa ya boti asome rangi za maji, kwa sababu katika visiwa vile macho ya mtu ndiyo yanayookoa boti. Na hampeleki mtu miezi ya mvua. Mteja akimbembeleza atampunguzia siku, atambadilishia boti, atampa chai, lakini mwezi wa nne hampi. Wenzake wamembatiza Bi Utabiri.

Mumewe ni mchora majina ya boti. Hiyo ndiyo kazi aliyokuwa nayo walipokutana, na ndiyo aliyoishika: mwenye boti anakuja na jina, yeye analipiga herufi ubavuni kwa brashi nyembamba, kidole kidogo kikiegemea mbao ili mkono usitikisike. Ni mtu wa utani. Waliomzoea gatini humwita Fundi Herufi, naye hujibu kuwa angekuwa tajiri kama watu wangezipa boti zao majina marefu zaidi.

Mwezi wa nne mwaka jana walikwenda pamoja kwa daktari wa macho. Fundi alikuwa amegonga bega kwenye mlango uleule mara nyingi mno, na mkewe alichoka kumcheka. Daktari, mwanamke mpole aliyekuwa akifuta miwani yake huku anazungumza, alisema ni presha ya macho, na kwamba imekwisha kuula mshipa wa kuonea kwa kiasi kikubwa. Atampa dawa ya matone. Dawa inaweza kuchelewesha, lakini haiwezi kurudisha kilichokwenda.

"Kwa sasa unaonaje, baba?" aliuliza.

"Kama ninachungulia kwenye tundu la ufunguo. Lakini ninachokiona, nakiona vizuri."

"Basi kama kuna kitu mnapenda kukiona, msikiweke kiporo."

Siku chache baadaye meneja alimwita Bi Utabiri na kumwambia kuwa kampuni inampa zawadi ya utumishi. Boti moja, nahodha wake, wiki nzima, yeye na mumewe, wazunguke visiwa wanavyotaka. Achague tu wiki ambayo boti haina mteja.

"Hata wiki ijayo iko wazi," meneja alisema. "Mvua hii nani atakodi?"

"Wiki ijayo?" Aliwageukia wenzake ili nao wasikie. "Wiki ijayo simpeleki hata yule mteja aliyenitukana!"

Ofisi nzima ilicheka. Akachagua Septemba, wakati anga huwa safi, upepo hauna ghadhabu, na maji huonyesha kila kilichomo. Ni wiki ambayo angempa mteja anayempenda kuliko wote, na kwa mara ya kwanza alikuwa naye.

Jioni alimsimulia mumewe, hata viatu hajavua. Fundi alifurahi, akampongeza, akamwita bosi wa mawimbi. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza tu, "Na hiyo wiki ijayo haikuwezekana?"

"Mvua, baba! Ungeona nini? Pazia la kijivu asubuhi, pazia la kijivu jioni."

"Haya. Wewe ndiye mwenye bahari. Mimi mwenye brashi."

Mambo yakaishia hapo.

Kazi ya kupanga ilianza usiku uleule. Alileta nyumbani nakala ya ramani, na kila baada ya chakula aliitandaza mezani, daima akikaa kiti cha upande wa jikoni na mumewe cha upande wa mlango. Alianza na siku ya kurudi, kama kawaida yake. Ghuba ya mwisho aliibadilisha zaidi ya mara moja, kwa sababu kwa mara ya kwanza hakujua kama anamfurahisha mteja au anajifurahisha mwenyewe. Fundi akamwambia wazi kuwa hataki kubebwa kama gunia. Apewe kazi.

Kazi ilipatikana. Fundi ndiye atakayesimama mbele ya boti na kusoma rangi. Nani anazijua rangi kumzidi yeye? Tena tundu la ufunguo linatosha kwa mtu anayetazama mbele tu. Mkewe alimfundisha, na wakati wa kuosha vyombo akawa anamtahini.

"Kahawia?"

"Mwamba. Piga kelele."

"Kijani kilichopauka?"

"Mchanga. Nyamaza, upate sifa."

"Buluu nzito?"

"Kina kirefu. Rudi kitandani."

Binti yao, mtengeneza nywele anayeishi mji mwingine, alisikia masomo hayo kwenye simu akauliza, "Mama, nyinyi mnakwenda likizo au mnakwenda kwenye mtihani?"

Wenzake ofisini waliona mabadiliko. Alikuwa mtu wa kuondoka kazini akiwa amenyong'onyea, maana kutwa nzima kupanga raha za wengine si kazi ndogo. Sasa saa za kazi zikiisha alishuka ngazi mbio. Mumewe naye alianza kurudi nyumbani mapema. Alisema kazi imelala, wenye boti hawapaki rangi wakati wa mvua. Ilikuwa kweli kwa mwezi wa tano. Mvua zilipokwisha aliendelea kusema hivyo, na mkewe, ambaye mawingu yote yako mikononi mwake, hakulitia akilini.

Ilikuwa katikati ya Julai. Alirudi nyumbani akakuta kiti chake kimejaa nguo zilizoanuliwa, hivyo akakaa upande wa mlango na kuitandaza ramani kutoka huko. Kwa ule upande wa pili ilikuwa juu chini. Fundi aliingia na vikombe viwili vya chai, akavitua taratibu, akauliza mkewe amekaa upande gani leo. Alipojibiwa upande wa mlango, akasogeza nguo na kukaa upande wa jikoni. Akanyoosha kidole kwenye kona ileile ya meza aliyoizoea.

"Hapa tunalala siku ya kwanza," alisema. "Halafu hivi, tunakata hapa, miamba iko kushoto. Mimi niko mbele, macho kodo."

Kidole kilikuwa juu ya maelezo ya alama za ramani. Hakukuwa na kisiwa pale, wala bahari.

Mkewe alisubiri acheke. Mumewe alikuwa mtu wa kuweza kufanya mzaha wa aina hiyo na kuushikilia hadi mwisho. Kidole kikaendelea na safari, kikapita juu ya anwani ya mchapishaji, kikatua kwenye ukingo mtupu wa karatasi. "Na hapa ndipo umepabadilisha juzi. Pazuri. Afadhali hapa."

"Ramani iko juu chini," alisema mkewe.

Fundi aliondoa kidole.

"Unaona nini?" mkewe aliuliza. Sauti yake ilikuwa ileile anayowaulizia wateja tarehe. "Usinifiche. Hapo ulipo, unaona nini?"

"Naona taa imewashwa. Na wewe nakuona ukisogea."

"Nikitulia?"

"Ukitulia, sikuoni."

Tangu lini? Fundi alisema nuru ilikuwa ikiondoka polepole, halafu Juni ikaanza kukimbia. Matone aliyatia bila kukosa, na alipokwenda kwa daktari peke yake aliambiwa kuwa kuna macho ambayo hayasikii dawa. Gatini hakuwa akichora. Alikuwa akikaa na mlinzi wa lango, wakisikiliza redio. Boti ya mwisho aliyoichora, mwenye boti alileta malalamiko kuwa jina linashuka kama linataka kuogelea. Alijaribu kucheka alipofika hapo, mkewe hakumsaidia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefanya nini?"

"Ningejua la kufanya! Mimi si mkeo?"

"Mama, miaka yote nakuona unarudi kutoka kazini umevunjika mgongo kwa raha za watu. Safari hii ulikuwa unapanda ngazi unaimba. Nikuambie acha kuimba?"

 Mkewe alikuwa ameanza kufanya kile anachokifanya kila siku, kuhesabu kinyumenyume. Septemba. Julai. Juni, mwezi ambao tundu la ufunguo lilianza kuziba. Mei. Akafika mwezi wa nne, kwenye meza ya meneja, na kicheko cha ofisi nzima.

"Tungekwenda wiki ile," alisema. "Ile ya mvua."

Fundi si mtu wa kusema uongo akiulizwa waziwazi. Anaweza kunyamaza, lakini hawezi kudanganya. 

"Ningeiona hiyo mvua," alisema.

Asubuhi Bi Utabiri alikuwa wa kwanza ofisini. Alimkabili meneja hata hajaweka mkoba chini, akamwambia anataka boti, yoyote, siku yoyote wiki hiyo.

"Bi Utabiri, huu upepo wa wiki hii umeuona? Wewe mwenyewe umemzuia mteja jana."

"Nimeuona."

"Na Septemba?"

"Sitaki Septemba."

Meneja alimtazama usoni, akaacha kuuliza. Ilikuwepo boti ndogo, kuukuu, iliyokuwa ikisubiri kupakwa rangi. Akasema angeweza kuitoa Jumamosi, na nahodha angebembelezwa.

Alikwenda nyumbani mchana na habari hiyo. Fundi alikuwa amekaa kitandani, amevaa shati aliloligeuza ndani nje. Mkewe alimweleza yote kwa pumzi moja. Wataondoka Jumamosi. Hatalazimika kusimama mbele, nahodha ana macho yake. Kuna upepo, kuna harufu, kuna maji ya kuingiza miguu, kuna sauti ya tanga. Atamweleza kila kitu watakachopita, kisiwa kwa kisiwa.

"Utanielezea," alisema Fundi.

"Kila kitu."

"Wewe hujawahi kuviona pia."

Alisema bila ukali, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kuwa chumvi imekwisha. 

"Upepo naupata gatini bure," Fundi aliendelea. "Maji ya miguu yamejaa bafuni. Mimi nilitaka kuona ile kijani. Miaka yote nachanganya rangi kwenye makopo, watu wananiambia hapana Fundi, si hii, ile ya kule visiwani. Nilitaka kuiona tu nijue nilikosea wapi. Usinipeleke pale nikae kama mzigo, nikusikilize ukijikaza. Nenda na binti yako."

"Bila wewe?"

"Basi msiende."

Alimbembeleza jioni ile, na kesho yake pia. Alimpigia simu binti yao ili naye ajaribu, lakini binti alimsikiliza baba yake kwa muda mrefu, na simu iliporudi kwa mama yake alikuwa analia na hakuwa tena upande wake. Siku ya tatu alimwambia meneja kuwa hawatakwenda. Meneja alisema zawadi haiozi, itamsubiri mwakani. Alishukuru, kwa sababu ndivyo mtu anavyofanya.

Wiki ya Septemba ilichukuliwa na maharusi. Walikuja ofisini wameshikana mikono, wakasema hawajui lolote kuhusu visiwa, wanataka tu mahali pazuri. Hakuwa na sababu ya kuwapangia upya. Aliwapa safari ileile, ghuba kwa ghuba, pamoja na ile ya mwisho aliyoibadilisha zaidi ya mara moja. Bibi harusi alimuuliza kama yeye mwenyewe amewahi kuipita njia hiyo. Akasema hapana. Bibi harusi akasema pole, akaulizia mtandao.

Hali ya hewa ilikuwa kama alivyojua itakavyokuwa. Wiki nzima anga haikuwa na wingu. Kila siku alisimama dirishani kabla ya kukaa, na wenzake, waliokwisha kujua, walipunguza sauti. Nyumbani Fundi hakumuuliza juu ya anga, naye hakumwambia. Ramani aliirudisha ofisini. Kitu pekee kilichobadilika mezani ni kwamba sasa wanakaa upande mmoja, ili amwelekeze sahani ilipo, na hata hilo Fundi halipendi.

Binti yao amempatia baba yake nafasi katika kituo kinachowafundisha watu wazima waliopoteza uwezo wa kuona kutembea kwa fimbo nyeupe. Fundi amekubali kwenda mara moja, hajaahidi ya pili. Jumatano asubuhi mkewe atamshika mkono hadi kituoni, na atamsubiri kwenye benchi la nje.