Mwanafunzi wa Kudumu

Jumuiya yetu ya walimu na washauri wa kazi ina desturi ambayo wajumbe wanaionea fahari kuliko katiba yenyewe. Anayeomba uanachama huketishwa mbele ya watahini, akaletewa mtu wa kujifanya mwanafunzi, naye akamshauri huku wakimsikiliza. Sharti ni moja tu: mshauri hamwamulii mtu, humuuliza mpaka mwenyewe ajue anachotaka.

Kwa miaka mingi aliyejifanya mwanafunzi alikuwa mshauri mstaafu, mgane mwenye mvi na suti ya kahawia, tuliyempachika jina la Mwanafunzi wa Kudumu. Alikuja na mkoba wa shule, akaupakata na kuinamisha kichwa. Kisa chake hakikubadilika: msichana anayependa kushona, ambaye baba yake ameshamwamulia udaktari.

"Mzee, mwaka huu utafaulu kweli?" walimtania mlangoni.

"Nikifaulu mtabaki na nani wa kumtesa?"

Mwaka ule mtahiniwa alikuwa binti yake wa pekee. Alikuwa msaidizi katika chumba cha ushauri cha shule ile ile aliyostaafia baba yake. Akipata uanachama, angekabidhiwa chumba chenyewe. Mzee alikuwa ameshapeleka pazia jipya. Jioni binti alitengeneza majokofu ya majirani uani, na mzee kila akipita alimwambia, "Hiyo michezo utaiacha lini, mama?" Binti hakujibu, aliendelea kukaza skrubu.

Mimi nilikuwa mjumbe wa kamati, na nilipinga baba kuketishwa mbele ya mwanawe. Mwenyekiti alinijibu kwa upole unaoudhi. "Ndugu mjumbe, mzee hatoi alama. Yeye ni mwanafunzi tu." Wenzangu wakacheka na hoja yangu ikafia mezani. Hao ndio watu wanaolipwa kufundisha wengine kusikiliza.

Siku ya mtihani mzee aliketi, akapakata mkoba.

"Karibu," binti alisema. "Umekuja na jambo gani?"

"Shikamoo, mwalimu. Baba anataka niwe daktari."

"Na wewe?"

"Mimi napenda kushona."

"Baba anajua?"

"Anajua. Anasema hiyo ni michezo."

Neno hilo halikuwahi kuwamo katika kisa chake. Binti aliiweka kalamu mezani taratibu.

"Alipokwambia hivyo, ulimjibu nini?"

"Nilinyamaza."

"Kwa nini ulinyamaza?"

Hapa kila mwaka mwanafunzi alijibu kwamba anamwogopa baba. Mzee alifungua kifungo cha mkoba, akakifunga. "Sijui kwa nini alinyamaza," alisema. "Sikuwahi kumuuliza."

"Mzee," mwenyekiti aliingilia, "wewe ndiye mwanafunzi. Baba yuko nyumbani."

Mtahini mmoja alicheka. Mzee hakucheka. Binti alisogeza kiti chake mbele kidogo, na sauti yake ilibaki ile ile ya kazini.

"Ukimuuliza leo, utamuuliza nini?"

"Nitamuuliza anataka kazi gani."

"Majokofu, baba."

Mwenyekiti alifunga kikao. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Wengine walidai mtahiniwa ameharibu mtihani kwa kusema haja yake mwenyewe. Nilisimama, nikawaambia kwamba katika miaka yote hiyo ndiyo mara ya kwanza mwanafunzi wetu kutoka chumbani akijua jambo asilolijua alipoingia. Kama huko si kushauri, basi jumuiya ifungwe. Tulipiga kura. Alifaulu, kwa shida.

Binti alishukuru kwa adabu, akakataa beji ya uanachama. Chumba kile cha shule alipewa mtu mwingine, pamoja na pazia lake.

Mzee alirudi kwenye kamati mara moja tu, kuunga mkono hoja yangu kwamba ndugu asitumike kumpima ndugu. Hoja ilipita, na mwenyekiti akasema alikuwa na wazo hilo tangu zamani. Ule mkoba wa shule, mzee aliuacha mezani petu.

Binti alipofungua karakana yake nyuma ya soko, mteja wa kwanza alikuwa baba yake, na jokofu la nyumbani likiwa juu ya mkokoteni. Binti alilichomeka kwenye umeme, akalifungua, akasikiliza mota, akalifunga.

"Baba, hili halina ubovu wowote."

"Najua," mzee alisema, akitafuta pa kukaa. "Nimekuja kuuliza linavyofanya kazi."

Binti alimpa kigoda, akamshikisha bisibisi.