Siku Niliyosimama Nyuma ya Nyambura

Iko asubuhi moja ambayo haijanitoka akilini, mwanangu, ingawa nimesahau mengi ya maana kuliko hiyo. Jua lilikuwa limechomoza upande wa Kirinyaga, nami nilikuwa nimesimama mlangoni na beseni la maji, nikitazama ng'ambo ya mto. Sisi tuko mgongo huu wa Kianjogu, wao wako mgongo ule wa Gatumbi, na katikati ni bonde tu, kwa hivyo hakuna kitu mtu wa Gatumbi anaweza kukuficha. Asubuhi hiyo mabati yao yaling'aa mpaka yakaniumiza macho. Nikageuka nikalitazama paa langu la nyasi, linavuja kila mvua ikinyesha, nikayamwaga yale maji kwa hasira na kurudi ndani.

Nakuambia haya kwa sababu nimesikia umechaguliwa kwenye kamati ya ushirika wa kahawa, na nimesikia pia umeapa hutakaa meza moja na watu fulani. Unasema huwezi kuungana na mtu usiyempenda. Kaa hapo kwenye kigoda, sina haraka.

Mabati ya Gatumbi yalikuwa kazi ya Nyambura. Siku hizo Uhuru ulikuwa bado mchanga, na akina mama walikuwa wameanza vyama vya kuchanga, leo wanaezeka kwa fulani, mwezi ujao kwa mwingine, wakienda na nyimbo na mabati kichwani. Nyambura ndiye aliyewapanga wenzake, akawa anaongea nao kwa sauti ndogo tu na wanamsikia. Mimi nilikuwa na chama changu hapa Kianjogu. Nilikuwa napiga kelele kutwa, na bado robo ya wanawake hawaji.

Na kulikuwa na lingine. Kabla baba yenu Mwangi hajanioa, alikuwa amemtaka Nyambura. Kila mtu alijua, hata mbuzi walijua. Nyambura akaolewa Gatumbi na mwalimu, Mwangi akaja kwetu. Jioni moja tukila, akasema, ‘Wanawake wa Gatumbi wanajua kujipanga.’ Alisema wanawake wa Gatumbi. Mimi nilisikia Nyambura. Kwa wiki nzima nilimpikia viazi bila chumvi.

Basi chifu akaita watu, akasema serikali iko tayari kuleta nesi na dawa kwenye lokesheni yetu, lakini nyumba ya zahanati tujenge wenyewe kwa harambee, na mahali pa kujengwa tuchague wenyewe kwenye baraza. Kianjogu tukasema ijengwe kwetu. Gatumbi wakasema kwao. Watu wa sokoni, kule karibu na barabara kuu, wakasema kwao, na wao walikuwa na diwani, Gicheru, mwenye duka la jumla na lori.

Sasa tumia akili, mwanangu. Watu wa soko walikuwa wengi kuliko sisi, na wengi kuliko Gatumbi. Lakini hawakuwa wengi kuliko sisi na Gatumbi tukiwa pamoja. Siasa yote iko hapo, mengine ni hotuba. Kila upande ukikazana na kwake, zahanati inaenda sokoni, kwa watu ambao tayari wanasimamisha basi na kufika hospitali ya Nyeri wakitaka. Na ili sisi na Gatumbi tuwe pamoja, lazima mmoja aache kwake. Kwetu kulikuwa mteremko mtupu. Kwao kulikuwa na uwanja tambarare kando ya kanisa. Hata kipofu angejua nani ataacha.

Mimi nilikuwa na sababu ya kutaka zahanati kuliko mtu yeyote. Mtoto wangu wa kwanza alifia njiani, nikiwa na uchungu wa kumzaa. Mvua ilikuwa imejaza mto, magogo ya kuvukia yakachukuliwa na maji, wakanibeba kwa machela wakizunguka mbali. Tulipofika barabara ya Nyeri hakukuwa tena na sababu ya kuharakisha. Na wakati huo wa mambo ya zahanati nilikuwa mjamzito tena. Kuzaa kungeangukia masika.

Pamoja na hayo yote, nilipofikiria kumfuata Nyambura, nilisikia uchungu mdomoni. Zahanati kando ya kanisa lake, watu wakisema ni zahanati ya Nyambura. Nilimwonea wivu hata kwa jengo ambalo halijachimbiwa msingi.

Gicheru alikuwa mtu mwenye akili. Alinikuta shambani nikipalilia, akavua kofia, akanisalimia kwa heshima ambayo sikuizoea kutoka kwa diwani.

‘Mama, mimi siombi Kianjogu wapigie soko kura,’ akasema. ‘Simameni na kwenu. Nyinyi ni watu wa maana. Ati mtakuwa mkia wa Gatumbi? Ati wewe, kiongozi kama wewe, ufuate yule bibi ya mwalimu?’

Nikaendelea kupalilia.

‘Hii mambo ikiisha, lokesheni itahitaji mama mmoja wa kuongoza akina mama wote,’ akaongeza. ‘Mimi nikiangalia, namwona mmoja tu.’

Umeona alichofanya? Hakuniomba kura. Aliniomba nibaki na kiburi changu, maana hicho kilimtosha. Sikumwambia ndiyo, wala sikumwambia hapana, lakini alipoondoka niligundua nimeng'oa mstari mzima wa maharagwe pamoja na magugu.

Mama mkwe wangu nilimwita Maitu, kama ambavyo ningemwita mama yangu mzazi. Alikuwa ameketi nje anaambua maharagwe mabichi, na alikuwa amemwona Gicheru akishuka kilima.

‘Huyo alitaka nini?’

Nikamweleza yote, hata ile ya kuongoza akina mama wote. Nafikiri nilitaka anisifu kidogo.

‘Na wewe ulisema nini?’

‘Sikusema kitu, Maitu.’

‘Basi amekwenda na jibu lake.’ Akaweka ungo chini. ‘Sikia wewe. Hakuna mtu amekuambia umpende Nyambura. Hata mimi simpendi, ako na madharau. Lakini hiyo tumbo yako haijui Nyambura. Inajua mto. Na huyu Gicheru anayekuvulia kofia leo, ile siku tulipita na machela mbele ya duka yake, lori lilikuwa limesimama hapo. Alitoka?’

Hakutoka.

‘Nenda uongee na hao watu wa Gatumbi,’ akasema, akichukua ungo wake. ‘Na uende na huo wivu wako. Mtu mwenye wivu hadanganywi haraka. Waulize kila kitu.’

Mwanangu, sijawahi kupewa ruhusa nzuri kama hiyo. Nilidhani atanituma nikatubu kwanza.

Tukapatana kukutana mtoni, maana hakuna aliyetaka kwenda kwa mwenzake. Sisi tukaketi kwenye mawe upande wetu, wao upande wao, na kwa muda mrefu tukapigiana kelele juu ya maji kwa sababu hakuna aliyetaka kuvuka wa kwanza. Mwishowe Nyambura akakunja nguo mpaka magotini, akapita juu ya magogo, akaja kuketi karibu nami. Hata hilo nilimwonea wivu. Kwa nini sikulifikiria mimi?

‘Zahanati tutawaachia,’ nikamwambia. ‘Lakini daraja kwanza. Daraja la maana, la kupita machela na wanaolibeba, hata mto ukijaa. Kabla hamjachimba msingi wa zahanati.’

‘Tukijenga daraja, na siku ya baraza mtuache?’

‘Na sisi tukiwafuata kwa baraza, halafu msahau daraja?’

Ndipo nikasema mbao na nguzo za daraja ziletwe kabla ya baraza, na ziwekwe upande wetu wa mto, mahali tunaziona. Wakituangusha, mbao zinabaki kwetu. Tukiwaangusha, waje wazichukue mchana kweupe mbele ya watoto wetu, na aibu ibaki kwetu. Nikataka pia nusu ya kamati ya zahanati iwe watu wa Kianjogu. Nikauliza nesi atalala wapi, na nani ataweka ufunguo. Wenzangu walianza kuchoka na maswali yangu.

Nyambura akanitazama, akacheka kidogo. ‘Wewe ni mgumu.’

‘Niko na tumbo,’ nikamjibu.

Wakakubali, na mbao zikaletwa upande wetu wa mto. Siku ya baraza uwanja ulijaa, wengi wao akina mama, maana wanaume wengi walikuwa kazini Nairobi au kwenye mashamba ya Nanyuki. Chifu akasema kila upande utoe mtu asimame mbele, na watu wapange mstari nyuma ya yule wanayemtaka. Soko wakamtoa Gicheru. Gatumbi wakamtoa Nyambura. Sisi tulikuwa tumepatana hatutoi mtu.

Gicheru akaona pengo, akalitumia.

‘Bwana Chifu, Kianjogu hawana mtu?’ akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma. ‘Mbona namwona Wairimu pale? Mama, njoo usimame! Watu wako wanakungojea!’

Watu wakapiga makofi. Watu wangu, mwanangu, wa Kianjogu, waliojua mapatano yote, nao wakapiga makofi, kwa sababu inapendeza kusikia mtu wenu anaitwa mbele. Chifu akanionyesha mahali pa kusimama, kati ya diwani na Nyambura. Nikaanza kutembea. Na sitakudanganya, nilikuwa nakutaka kusimama hapo. Nilitaka Mwangi anione nikiwa mbele, na mstari wangu mrefu, na Nyambura kando yangu akihesabu wa kwake.

Nikafika pale, nikapapita. Nikaenda nikasimama nyuma ya Nyambura.

Makofi yalikatika. Kisha nikasikia miguu. Maitu alikuwa wa kwanza kunifuata, na fimbo yake, halafu mmoja mmoja, halafu Kianjogu yote, huku wengine wakinung'unika. Jua lilikuwa kali na chifu alihesabu polepole, akirudia alipokosea. Nyambura alikuwa amefunga kitambaa kipya chenye maua mekundu. Nilikitazama muda wote huo, karibu na pua yangu, nikakichukia ua kwa ua. Mwangi alikuwa amesimama pembeni akitazama upande wetu. Alikuwa anamtazama nani kati yetu wawili, sikumwuliza, na sasa amelala kaburini na jibu lake.

Tulishinda. Daraja lilijengwa kwanza, kama tulivyopatana, kisha zahanati, na tulibeba mawe sote. Serikali ikaleta nesi. Miaka michache baadaye, kwa kuwa zahanati ilikuwa kule, barabara ya gari ikakatwa kufika kule, na mambo mengine yakafuata barabara. Ndivyo mipango ya serikali inavyokwenda, inafuata pale watu waliposimama pamoja siku moja ya jua kali.

Masika yalikuja na mto ukajaa. Nilivuka juu ya daraja nikiwa kwenye machela, nikisikia maji yakinguruma chini ya mgongo wangu, na mtoto akazaliwa akilia kwa nguvu. Nyambura alikuja kuniona na kibuyu cha uji. Nikaunywa wote. Ulikuwa uji mzuri kuliko wangu, na hilo pia liliniudhi.

Usidhani tulikuwa marafiki baada ya hapo. Lilipokuja suala la josho la ng'ombe, Gatumbi walilitaka kwao tena, na mimi nikavuka upande, nikaungana na Gicheru yule yule, tukawashinda. Nililifurahia kuliko inavyofaa kwa mwanamke anayeenda kanisani. Jumapili Nyambura alinisalimia kwa midomo iliyokazwa, lakini hakuniita msaliti. Mapatano yetu yalikuwa ya zahanati na daraja, na vyote vilikuwa vimesimama.

Kwa hivyo, mwanangu, rudi kwenye hiyo kamati ukakae. Usingoje kuwapenda wenzako, utazeeka ukingoja. Hesabu kwanza: nani mkiwa pamoja mnatosha, na mkiwa mbalimbali mnampa nani ushindi bure. Sema wazi mnaungana kwa jambo gani, na likiisha useme limeisha, usije ukawafunga watu kwa ahadi ambayo hawakuitoa. Masharti yawekwe mahali ambapo kila mtu anayaona. Na akija mtu kukusifu na kukuambia wewe si wa kumfuata fulani, mwulize yeye anapata nini ukibaki peke yako. Wivu wako sikuambii uutupe, mimi mwenyewe wangu ninao hadi leo, na Nyambura bado yuko hai huko ng'ambo na meno yake yote. Nenda nao mezani, uulize maswali. Lakini kura usiupe.

Sasa inama nikuwekee mkono kichwani. Mungu akupe afya, na maneno machache yanayosikika. Kahawa yako ipate mvua kwa wakati wake. Usikose watu wa kukubeba siku utakapohitaji kubebwa. Na kama ni lazima akupe mpinzani, akupe mwenye akili, maana mjinga hata ukitaka kuungana naye, hutajua umeungana na nini.